Bomba la nchi 8 halijai maji, nitapima vipi kwa kizingiti cha V?

MpimaMaji_Tabata

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa kitaalamu.

Kuna kiwanda kinachoosha chupa, Vingunguti. Maji yaliyotumika yote yanatokea bomba moja la PVC la nchi 8. Kipenyo cha ndani ni sm 19. Bomba halijai hata siku moja. Kina cha maji kwenye mdomo wake ni sm 2 usiku, sm 4.5 muda mwingi wa mchana, na sm 7 mashine zote zikiwa kazini. Maji yanaanguka hewani juu ya sakafu ya zege, kisha yanashika mfereji. Kutoka tumbo la bomba (chini yake kwa ndani) hadi sakafuni ni sm 60, na pale sakafuni maji hayazidi kina cha sm 10.

Mita iliyofungwa ni ya maji safi, inataka bomba lijae, kwa hiyo namba zake hazina maana. Fundi wa kuchomelea anashauri akate bamba lenye mkato wa V (ndiyo kizingiti cha V), alichomeke kwenye mdomo wa bomba, halafu tusome kina nyuma yake na kutumia fomula ya V ya digrii 90. Itasoma sawa? Nataka lita kwa sekunde na jumla ya siku, kosa lisizidi asilimia 5.

---

Kizingiti90

Mkuu, usichomeke bamba ndani ya bomba. V yenyewe haina tatizo. Tatizo ni maji yanavyoifikia.

Fomula ya V ya digrii 90 inachukulia kwamba maji nyuma ya bamba yametulia karibu kabisa, na kwamba kina ulichosoma ndiyo nguvu yote iliyopo. Ndani ya bomba maji yanakimbia. Maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yamebeba nguvu ya mwendo iliyo sawa na kina cha sm 5, na rula yako haitaiona. Kama kina chenyewe ni sm 8 au 10, umekosea kabla hujaanza. Zaidi ya hapo, bomba la sm 19 halikupi nafasi pembeni mwa mkato wala chini yake, kwa hiyo maji hayajibani yakipita kwenye V namna fomula inavyotaka. Yapo mabamba ya kuingiza kwenye bomba yanayotoka kiwandani na jedwali lake, lakini jedwali hilo limepatikana kwa kupima bamba lile lile maabara. La kukata mtaani halina jedwali.

Una bahati ya sm 60 za maporomoko. Jenga sanduku mbele ya mdomo wa bomba, maji yaangukie humo, yatulie, ndipo yatokee kwenye V. Kwenye sanduku la upana wa sm 90 lenye maji ya kina cha sm 40, lita 8 kwa sekunde zinakwenda sm 2 tu kwa sekunde. Nguvu ya mwendo hapo haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita.

Kwanza kadiria kiwango cha juu, ndipo uchague vipimo. Bomba linalomwaga hewani likiwa chini ya nusu lina fomula yake, njia ya California: Q = 4.69 × (1 − a/d)^1.88 × d^2.48. Q ni mita za ujazo kwa sekunde, d kipenyo cha ndani kwa mita, na a ni nafasi tupu kutoka dari ya bomba hadi uso wa maji pale mdomoni. Kwa namba zako: kina sm 2 ni lita 1.1 hivi kwa sekunde, sm 4.5 ni lita 5.1, sm 7 ni lita 11.7. Inadai bomba lilale bila mteremko na liwe limenyooka angalau vipenyo sita kabla ya mdomo. Kama lako lina mteremko, maji yanatoka kwa kasi na kina kidogo, hivyo hizo namba ziko chini ya ukweli. Zichukue kama makadirio ya kuchagulia sanduku, basi.

V ya digrii 90: lita kwa sekunde = 0.0138 × h^2.5, h ikiwa kina cha maji juu ya ncha ya V (ile kona yake ya chini), kwa sentimita. Kwenye Excel andika =0.0138*A2^2.5. Ukitaka kuhakiki: sm 6 ni 1.22, sm 8 ni 2.50, sm 10 ni 4.36, sm 12 ni 6.88, sm 15 ni 12.0. Kwa hiyo kina chako cha juu ni sm 15.

Sasa gawanya zile sm 60. Chini ya ncha ya V panatakiwa pawe na kina cha angalau mara mbili ya kina cha juu, yaani sm 30 kutoka sakafu ya sanduku. Sanduku likae juu ya tofali zenye kimo cha sm 5. Ncha inakuwa sm 35 kutoka sakafu ya nje, maji yakiwa mengi yanafika sm 50, na bomba liko sm 60. Inabaki sm 10 ya usalama, bomba halizami. Kwa nje, maji ya sakafuni ni sm 10 na ncha iko sm 35, kwa hiyo pazia la maji linaanguka huru.

Sanduku: urefu mita 2, upana sm 90, kimo sm 60. Upana si wa kubahatisha. Kina kikiwa sm 15 maji ndani ya V yana upana wa sm 30, zinabaki sm 30 kila upande, mara mbili ya kina. Likijaa hadi sm 40 lina maji ya kilo 720, hivyo liwekwe juu ya zege imara. Likilala upande mmoja kwa milimita chache, sifuri ya rula yako, yaani usawa wa ncha ya V, imehama.

Sm 60 hadi 70 kutoka mdomo wa bomba weka ukuta wa mbao au plastiki wenye matundu mengi, kutoka ukuta hadi ukuta, ili kuvunja ule mporomoko. Rula isomwe sm 60 nyuma ya bamba, yaani mara nne ya kina cha juu. Ukisoma karibu na V, uso wa maji umeshaanza kuinama na utapata kina kidogo kuliko kilichopo.

---

FundiBamba

Naongezea kwenye bamba, maana makosa mengi yanazaliwa kwenye karakana.

Tumia shiti ya stenlesi ya mm 3. Bati la kawaida likila kutu ukingo unakuwa butu, na maji ya kuoshea chupa yana magadi makali, hivyo aluminiamu isikaribie kabisa, magadi yanaitafuna. Ukingo wa V uwe bapa wenye unene wa mm 1 hadi 2, kisha unene uliobaki utupwe kwa mshazari UPANDE WA NJE, MAJI YANAKOANGUKIA. Mafundi wengi wanageuza. Upande wa ndani ya sanduku uwe tambarare, kona kali, bila alama za kuchomelea. Usikate kwa gesi wala usimalizie kwa grenda. Kata kwa msumeno, malizia kwa tupa, na usiipitishie msasa ile kona kali, maana kona ikiviringika maji yanapita mengi kuliko fomula.

V iwe na kina cha sm 20, basi juu upana ni sm 40. Kukagua pembe huhitaji kipimapembe: panda sm 10 kutoka kwenye ncha, pima upana. Lazima iwe sm 20.0. Ukipata 20.4, maji yanapita asilimia 2 zaidi ya fomula katika kila usomaji. Halafu timazi ipite katikati ya V. Mkato uliolala upande unaharibu kila kitu hapo juu.

Bamba lifungwe kwa bolti na mpira katikati, lisichomelewe kwenye sanduku. Utahitaji kulitoa kulisafisha, na moto wa kuchomelea unalipinda.

---

Mhandisi_Chini_ya_Daraja

Ushauri mzuri, lakini mmesahau usiku. Lita 1.1 kwa sekunde kwenye V ya digrii 90 ni kina cha sm 5.8. Chini ya sm 6 pazia la maji linaanza kulamba uso wa bamba badala ya kuruka mbele, na fomula inakosa nguvu.

Tumia V ya nusu: ile ambayo upana wa juu ni sawa na kina chake, sm 20 kwa sm 20. Inapitisha nusu ya maji ya V ya digrii 90 kwa kina kile kile: 0.0069 × h^2.5. Usiku utasoma sm 7.6, pazuri kabisa.

---

Kizingiti90

Hoja ya usiku ni ya kweli, ila hesabu upande wa mchana. Lita 12 kwenye V ya nusu zinahitaji kina cha sm 20. Chini ya ncha unataka sm 40, ongeza tofali sm 5, ongeza kina 20: jumla 65. Bomba liko 60. Litazama sm 5 wakati wa kilele, maji yatarudi nyuma, mchanga na vipande vya lebo vitatua ndani ya bomba.

Sm 60 zinaruhusu V ya digrii 90, haziruhusu ile ya nusu. Maji ya usiku yapimwe kwa ndoo pale pale chini ya V: ndoo ya lita 20 kwa lita 1.1 inajaa kwa sekunde 18, na saa ya simu inatosha. Pima mara tano, chukua wastani. Kwa maji ya mchana ndoo haifai. Inajaa kwa sekunde 4, na nusu sekunde ya mkono wako ni kosa la asilimia 12.

Na MpimaMaji, kwenye jumla ya siku kuna mtego. Usichukue wastani wa kina halafu ukaweka kwenye fomula. Badili kila usomaji kuwa lita kwanza, ndipo utafute wastani. Mfano: nusu saa kina ni sm 5, nusu saa nyingine sm 15. Wastani wa kina ni 10, fomula inakupa lita 4.36. Ukweli ni 0.77 na 12.0, wastani wake 6.4. Umepoteza theluthi ya maji kwa hesabu tu. Kwa kiwanda ambacho mashine zinawaka na kuzima, soma kila dakika 5 au funga sensa.

---

SensaKurasini

Kuhusu sensa: maji ya kuoshea chupa yana povu, na sensa ya mwangwi inayotazama kutoka juu itapima uso wa povu. Chukua bomba la nchi 4, lisimamishe ndani ya sanduku pale sm 60 nyuma ya bamba, liachie matundu machache ya mm 10 hadi 15 chini, juu ya tope lakini chini ya ncha ya V. Ndani yake maji hayana povu wala mawimbi. Sensa itazame humo. Lioshwe kila wiki. Matundu yakiziba, kina ndani kinabaki kile kile huku nje kimebadilika, na grafu yako itaonekana nzuri mno.

Kingine, lebo za karatasi. Zinaning'inia kwenye ncha ya V na kupandisha kina. Weka wavu kabla ya ukuta wa matundu, na mtu apite kuusafisha mara mbili kwa zamu. Atoe lebo kwenye V kwa mkono au brashi ya nailoni, asikwangue kwa kisu.

Na mimi nina swali. Eneo letu maji ya bahari yakijaa wakati wa bamvua yanarudi mpaka nyuma ya kizingiti. Je, tuyatupe masomo hayo?

---

Kizingiti90

Si lazima uyatupe, ila uweke rula ya pili upande wa nje. Maji ya nje yakipanda juu ya ncha, kizingiti kimezama, na mtiririko halisi ni Q ya fomula × (1 − (h2/h1)^2.5)^0.385. h1 ni kina cha ndani, h2 cha nje, vyote kutoka kwenye ncha. h2 ikiwa nusu ya h1, maji yamepungua asilimia 7 tu. Ikiwa asilimia 80, yamepungua asilimia 28. Kupita hapo kosa dogo la rula ya nje linakuwa kosa kubwa la mtiririko, usiyatumie.

Kama hali hiyo inarudi kila bamvua, achana na kizingiti. Lishushe bomba kwa umbo la U ili sehemu ya chini ijae maji muda wote, funga mita ya sumaku pale chini. Punguza kipenyo hadi nchi 4 kwenye hiyo U: lita 5 kwa sekunde zinakwenda sm 64 kwa sekunde, mwendo wa kutosha kusoma vizuri. Maji yakipungua kabisa usiku tope linatua kwenye U, kwa hiyo weka tundu la kusafishia.

---

MpimaMaji_Tabata

Wakuu, asanteni sana. Sanduku limekaa kwa vipimo vile vile, bamba la stenlesi, pembe nimekagua: sm 20.0 kwenye kimo cha sm 10.

Jumapili mashine zikiwa zimezimwa tumejaribu kwa simtanki la lita 2,000 lenye alama za lita ubavuni, tukimwaga nyuma ya ukuta wa matundu. Sifuri ya rula niliiweka kwa kujaza sanduku na kuacha maji yachuruzike mpaka yakaacha kupita kwenye V. Matokeo, kwa lita kwa sekunde:

Rula sm 6.0: fomula 1.22, tanki 1.39
Rula sm 8.5: fomula 2.91, tanki 3.20
Rula sm 11.0: fomula 5.54, tanki 5.96

Yaani fomula iko chini siku zote. Nibadilishe ile 0.0138?

---

FundiBamba

Usiiguse. Tazama asilimia: chini kwa 12, kisha 9, kisha 7. Kosa la pembe au la namba ya fomula lingekuwa asilimia ile ile kwa kina chochote. Kosa linalopungua kadiri kina kinavyopanda ni la sifuri. Ongeza mm 3.3 kwenye kila usomaji wako uone: 6.33 inatoa 1.39, 8.83 inatoa 3.20, 11.33 inatoa 5.96. Zote zimekaa.

Chanzo ni namna ulivyoweka sifuri. Maji yana ngozi. Yanaacha kuchuruzika yakiwa bado milimita kadhaa juu ya ncha, yakining'inia pale. Ukaiita hiyo sifuri.

Fanya hivi. Chukua chuma cha mviringo kilichonyooka cha kipenyo cha mm 20, laini, siyo nondo yenye mbavu, urefu wa mita 1. Kilaze ndani ya V, kielekee ndani hadi kwenye rula, kiweke sawa kwa pimamaji. Katika V ya digrii 90, mgongo wa chuma hicho uko mm 24.1 juu ya ncha, kwa sababu ni nusu kipenyo mara 2.414. Soma rula ilipo mgongo wa chuma, toa 24.1: hiyo ndiyo sifuri. Aliye na V ya nusu atatumia 3.236, yaani mm 32.4.

---

Mhandisi_Chini_ya_Daraja

Na kwenye jaribio la tanki, hakikisha kina cha rula hakichezi wakati unapima. Uso wa sanduku ni mita za mraba 1.8. Kina kikishuka sm 1, lita 18 zimetoka sandukuni bila kutoka kwenye tanki. Tanki likipungua nguvu inapungua, kwa hiyo mtu mmoja afungue valvu kidogo kidogo rula ikae pale pale, mwingine ahesabu muda kutoka alama hadi alama. Kwa lita 6 kwa sekunde chukua lita 300 au zaidi, ili upate sekunde 50.

---

MpimaMaji_Tabata

Chuma kimeonyesha sifuri ilikuwa juu kwa mm 3.5. Nimeishusha rula na kurudia jaribio la kati tukishikilia valvu: rula 8.9, fomula 3.26, tanki 3.22. Kesho nafunga bomba la nchi 4 kwa ajili ya sensa.

---

SensaKurasini

Vizuri. Weka alama ya kudumu kwenye ukuta wa sanduku, usawa wa ncha ya V, kwa tindo na siyo kwa rangi. Ikifika masika udongo ukalainika na sanduku likashuka, utalijua kwa kulaza tena chuma kile kile.